Chaja ya Polepole

Mtu aliyefundisha udereva miaka thelathini na miwili hawezi tena kukaa kiti cha abiria kama binadamu wengine. Mpandishe teksi, mpandishe lori la mchanga, mpandishe hata gari linaloelekea makaburini: mguu wake wa kulia utahangaika sakafuni ukiitafuta ile pedali ya pili, breki ya mwalimu, na utaikandamiza kila dereva anapokaribia kitu kuliko anavyopenda yeye. Ndiyo maana kiatu chake cha kulia kiliisha soli mapema kuliko cha kushoto. Fundi viatu alishazoea, hakuuliza tena. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti. Mtaani alikuwa Breki, na kwa waliofaulu mtihani alikuwa Mwalimu. Waliofeli walikuwa na majina yao ya kumwita, lakini hayo tuyaache huko huko waliko.

Jumatatu ile Breki alisimama uani akiangalia gari lake la shule likifungwa mnyororo. Lilikuwa limekaa juu ya matofali miaka mitatu, halina magurudumu, halina kiti cha nyuma, na paka wa jirani alishazaa humo mara mbili. Mnunuzi wa vyuma chakavu, mwanamume mwenye sauti ya mnada, alilizunguka akiligonga gonga kama anayebisha hodi.

"Mzee, una hakika? Nikishalivuta silirudishi."

"Vuta."

"Watu huwa wanalia."

"Nitalia ukishaondoka. Wewe vuta."

Lakini kabla halijavutwa akaomba dakika kumi. Akalala chali chini ya dashibodi, mzee wa miaka sitini na minane, magoti nje, akafungua nati mbili zilizoshika kutu akaing'oa ile pedali ya pili.

"Sasa hiyo utaifunga wapi?" yule wa vyuma akamuuliza. "Kitandani?"

"Itanizuia nisianguke," Breki akajibu, akaifuta kwa shati, akaenda kuiweka dirishani jikoni.

Gari lilipotoka, pale uani pakabaki doa jeusi la mafuta na nafasi. Nafasi ndefu, mita nane kutoka geti hadi ukuta wa nyuma, maana zamani yalikuwa yanalala magari mawili, la shule na kale kadogo ka mkewe. Kadogo kaliuzwa baada ya msiba. Sasa hapakuwa na gari, wala mke, na nafasi yenyewe Breki alikuwa ameisafisha kwa makusudi. Ilikuwa ya binti yake.

Binti huyu, mtoto wake wa pekee, alifanya kazi katika maabara ya hospitali kwenye mji mwingine, mwendo wa saa tatu kwa barabara. Mwaka uliopita alinunua gari la umeme, dogo, rangi ya maziwa. Likijaa lilimfikisha kwa baba yake vizuri tu. Kurudi halikuweza bila kuchajiwa. Basi ziara zake zikawa na ratiba. Anafika Jumamosi kabla ya saa sita, anaegesha nje ya geti, anakaa saa moja, katika saa hiyo moja anaangalia saa mara nne, halafu anasimama. "Baba, wacha niwahi kuchaji. Foleni ya pale unaijua."

Breki hakuijua. Mashine ya kuchaji mji mzima ilikuwa moja, kwenye kituo cha mafuta upande wa pili, na yeye huko hakuwa na shughuli. Ila mhudumu wa kituo alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, tena mtu ambaye mdomo wake haujui kusimama.

"Mwalimu," mhudumu yule alimwambia walipokutana sokoni, "binti yako Jumamosi alikuwa kwangu saa mbili na nusu. Foleni hakuna, wala nini. Gari limejaa na bado amekaa humo ndani, amepandisha vioo, anaangalia mbele. Nikampelekea maji. Ana mambo, eh?"

Breki alicheka akasema vijana wa siku hizi na simu zao. Alipofika nyumbani akapiga hesabu. Kwa mashine saa mbili na nusu, kwa baba saa moja. Akaipiga tena. Ni zile zile.

Tangu mama yake afe, miaka miwili sasa, binti hakuwa amelala nyumba ile hata siku moja. Mwanzoni ilikuwa zamu za kazini. Kisha ikawa gari. "Ningelala, Baba, lakini gari litajaaje?" alisema mwezi uliopita, amesimama mlangoni, funguo mkononi. Breki akajibu "Mm," kama kawaida yake. Lakini lile neno, ningelala, alibaki nalo wiki nzima. Alilala nalo, akaamka nalo, akaliweka mezani penye chai akaliangalia.

Kumbe ni chaji? Umeme si huu hapa ukutani?

Hakuwa mjinga, lakini. Dunia ilishamburuta vya kutosha akajua kwamba kisingizio ni kama fimbo ya kutembelea: mnyang'anye mtu ndipo utajua kama kweli anachechemea. Akifunga chaja hapa nyumbani na binti yake bado akaondoka saa saba, basi haikuwa gari hata siku moja. Ilikuwa yeye. Akaogopa siku nne. Siku ya tano akampigia fundi.

Fundi umeme alikuja Jumatano na ngazi, drili, na mviringo wa waya mnene begani. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ovaroli lina mifuko mingi kuliko kabati la duka la dawa. Breki alimfundisha udereva miaka kumi na minane iliyopita, na katika somo la pili aliupanda mzunguko wa barabara, maua na ubao wa "Usikanyage Nyasi" vyote vikaenda. Tangu siku hiyo jina lake ni Kona.

"Kona! Leseni umepata au bado?"

"Shikamoo, Mwalimu. Leseni ninayo, gari ninalo, na nimeegesha hapo nje sijagusa ukuta wako. Toka uone kabla macho hayajaisha."

"Marahaba. Na yale maua?"

"Hawakupanda tena. Wamemwaga zege. Waliogopa nitarudi."

Wakacheka wote wawili. Breki aliona ajabu kusikia kicheko koridoni. Kiligonga ukuta wa mwisho kikarudi kimepoa.

Fundi alifungua sanduku la swichi, akamulika, akapima, akaandika namba kwenye kiganja chake. Akaenda kuangalia mita pale karibu na mlango wa mbele. Akasimama pale muda.

"Mwalimu, humu ndani unatumia nini?"

"Birika. Redio. Taa ya jikoni."

"Pasi?"

"Nimpigie pasi nani?"

"Maana mita yako inatembea kama mtu anayesindikiza jeneza." Akasikia alichosema, akaufunga mdomo, akajifanya anatafuta bisibisi. "Yaani, umeme upo mwingi. Nafasi ipo. Tunaweza kukufungia kubwa bila wasiwasi."

Akamweleza. Chaja zilikuwa za aina mbili. Kubwa inalijaza gari la namna ile kwa saa nne. Ndogo kwa saa kumi na moja.

"Ndogo," Breki akasema.

"Hujanisikiliza. Hakuna anayetaka ndogo. Zote nilizofunga mji huu ni kubwa. Mtu anafika, anachomeka, anakunywa chai, anaondoka."

"Ndiyo nisiyoitaka hiyo."

"Hutaki nini?"

"Anakunywa chai, anaondoka."

Fundi alikuwa ameshika drili. Akaishika vile vile, kama dereva aliyesimama kwenye taa nyekundu na hana haraka iwake ya kijani. Halafu akasema, taratibu, "Ndogo ni nzuri pia. Haichoshi betri."

Ugomvi ulikuja kwenye kuchagua ukuta. Fundi alitaka kuifunga kwenye ukuta wa pembeni, katikati ya uwanja. Kebo ilikuwa mita tano. Ikikaa katikati itafika gari likiingia kwa kichwa, itafika likiingia kwa mgongo. Breki akatikisa kichwa. Tundu la chaji la gari lile lilikuwa puani, alishalichungulia pale nje ya geti. Chaja ikae kwenye nguzo ya geti.

"Na akiingia kwa kichwa?" fundi akauliza. "Pua itakuwa kule ukutani. Kebo haifiki hata kwa maombi."

"Kona. Nani alimfundisha binti yangu kuendesha?"

"Wewe."

"Nilimfundisha nini? Na wewe nilikufundisha nini?"

Fundi akavuta pumzi, akatoa lile somo kama wanavyolitoa wote waliopita kiti kile, kwa sauti ya kuchoka. "Gari linaingia kinyumenyume, linalala limeangalia barabara, likiitwa liwe limeshajiandaa kuondoka."

"Basi. Nguzo ya geti."

"Mwalimu, watu wanabadilika."

"Watu, ndiyo. Kuegesha hakubadiliki."

Ikafungwa kwenye nguzo ya geti. Fundi alitoboa ukuta, akapitisha waya ndani ya bomba la plastiki pembeni mwa bati, akachimbia ardhini fimbo ya shaba kwa nyundo, akaweka swichi mpya kwenye sanduku la koridoni. Breki alimshikia ngazi, ingawa ngazi haikuhitaji kushikwa. Ilipofika saa kumi pale kwenye nguzo palikuwa na kisanduku cheupe ukubwa wa mkate, kina kioo kidogo cha namba na taa moja ya kijani.

"Hapa kwenye kioo itakuonyesha asilimia na saa zilizobaki," fundi akaeleza. "Na usikifunike kitambaa. Nawajua wazee."

"Kaa unywe chai."

"Nina kazi nyingine, Mwalimu. Siku nyingine." Akaliona lile neno lilivyopokelewa. "Kweli. Nitapita kuiangalia."

Alipoondoka, Breki alitoa kiti akakaa uani mbele ya ile taa ya kijani. Fundi alisema ikiwa kijani maana yake iko tayari, inasubiri. Breki akaona basi wako wawili.

Akampigia binti yake.

"Nimefunga chaja."

"Chaja ya nini?"

"Ya gari."

"Baba, wewe gari huna. Hata lile bovu unaniambia umeliuza."

"Wewe unalo."

Kwenye simu Breki alisikia mashine za maabara zikizunguka. "Nani kakuambia ufunge?"

"Mm."

"Jumamosi natoka zamu ya usiku," binti akasema mwishowe. "Nitakuja moja kwa moja."

"Uje polepole."

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwalimu. Utani ule alikuwa hajausikia miaka miwili. Alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatwa.

Alhamisi na Ijumaa Breki aliiandaa nyumba. Alitandika kitanda cha binti, akatandua, akatandika kwa shuka nyingine, akaona maua ni makubwa mno, akarudisha zile za kwanza. Slipa za marehemu mkewe zilikuwa bado pale mlangoni, vidole vikiangalia ndani, kama mtu aliyeingia sasa hivi. Akazipeleka chini ya kitanda. Mlango ukaonekana mtupu, akazirudisha. Kiti cha mkewe akakisogeza mbali na dirisha, kikaacha alama nne kwenye zulia, akakirudisha juu ya alama zake.

Mkewe ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba ile. Alikuwa akianza kuongea kabla hajafungua macho, na usiku usingizi ulimkuta katikati ya sentensi. Breki kazi yake ilikuwa kusema "Mm" mahali panapofaa, na mke alishampa sifa kwamba anajua pa kuiweka. Nje, ndani ya gari, Breki huyo huyo alikuwa mtu mwingine: alifoka, alitania, alisimulia, alimpa mwanafunzi ushauri wa ndoa hapo hapo kwenye kupanda mlima. Akivuka kizingiti cha nyumba yake, maneno yalibaki kwenye gari pamoja na koti.

Jumamosi, saa sita kasoro, lile gari la rangi ya maziwa likafika bila sauti yoyote, kama mtu anayenyata. Geti lilikuwa wazi tangu saa tatu. Breki alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono juu, tayari kuongoza: rudi, rudi, kata kulia. Binti hakupita mbele kwanza ili arudi nyuma. Alikata kona pale pale akaingia kwa kichwa, moja kwa moja, hadi bampa ya mbele ikakaribia ukuta wa nyuma. Breki alilazimika kuruka pembeni.

Alishika kebo hata hivyo. Akaivuta kutoka kwenye nguzo, akaenda nayo. Ilinyooka, ikakaza, ikamsimamisha kwenye taa ya nyuma. Akabaki pale na ile plagi mkononi kama mtu aliyenyoosha mkono wa salamu na hajapokelewa.

Binti alishusha kioo. Macho mekundu ya zamu. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Toka uingie kinyumenyume."

"Habari za nyumbani nzuri, na mimi nashukuru, nimefika salama."

"Kebo haifiki."

"Fupi?"

"Siyo fupi. Wewe ndiye umeingia kichwa kichwa. Nilikufundisha nini?"

Binti aliangalia mikono yake juu ya usukani. "Nilikumbuka," akasema. "Nimefika getini nikakumbuka kabisa, mpaka na sauti yako. Nikaingia hivi kwa kusudi."

"Kwa kusudi?"

"Si ulisema gari lililoingia kinyumenyume limeshajiandaa kuondoka? Leo nilitaka kuingia kama mtu ambaye hajajiandaa. Nijaribu tu. Nilikuwa najipa moyo njia nzima."

Breki alitaka kusema jambo. Lilikuwepo, kubwa, limekaa kifuani. Lakini alikuwa amesimama kwenye uwanja wa nyumba yake, na lililotoka ni "Mm."

Uso wa binti ukafunga. Ulifunga polepole, kama duka. "Haya," akasema. "Panda basi. Si unataka ligeuzwe? Panda uniongoze."

Breki akapanda kiti cha abiria. Alipofunga mlango tu, ulimi ukaamka.

"Mkanda. Siyo wangu, wako. Kioo cha kushoto umekiweka uangalie nini, ndege? Haya, toka taratibu, kuna mtoto wa jirani na baiskeli yake, huyo hana breki na wazazi wake wanajua. Simama. Sasa rudi."

Gari lilipoanza kurudi nyuma, kwenye dashibodi ikawaka picha ya kamera, mistari ya kijani na nyekundu. Breki akavua kofia akaifunika.

"Baba!"

"Zima televisheni. Shingo ulipewa ya nini?"

Binti akageuza shingo, akakata usukani, nguzo ya geti ikasogea, ikasogea, na kwenye sakafu ya upande wa abiria mguu wa kulia wa Breki ukakandamiza kwa nguvu zake zote.

Binti akauona. "Hakuna pedali huko."

"Najua. Mguu ndio haujui."

Hapo binti akacheka, cheko la kweli, la tumboni, mpaka gari likasimama lenyewe katikati ya geti na mpita njia akapiga mluzi. Wakamaliza kuingia. Gari likakaa limeangalia barabara, pua karibu na nguzo. Breki akashuka, akachomeka, ikalia tak, taa ikageuka buluu. Kwenye kioo zikatokea namba. Akafunga geti. Binti alikuwa bado amekaa, mikono usukanini, hakuonyesha dalili ya kushuka. Basi Breki naye akarudi kwenye kiti chake cha abiria, akavuta mlango.

"Saa kumi na moja na dakika tano?" Binti alikuwa anasoma kwenye kioo kidogo nyuma ya usukani. "Baba, hii ni chaja ya gari au ya simu? Fundi kakupunja."

"Fundi alitaka kufunga ya saa nne. Nilikataa."

"Kwa nini?"

Kwenye kochi angesema "Mm." Lakini hapa alikuwa kazini. Mwalimu wa udereva hamwangalii mwanafunzi. Wote wawili wanaangalia mbele, na hivyo ndivyo walivyowahi kuongea wao wawili, binti akiwa na miaka kumi na minane, masomo arobaini, ambamo Breki alimwambia mambo ambayo hata mama yake hakuwahi kuyasikia. Akaangalia mbele. Mbele palikuwa na geti.

"Kwa sababu kwa ile ya saa nne ungeondoka saa kumi."

Shomoro alitua kwenye boneti, akajiangalia kwenye kioo, akaondoka.

"Pale kituoni," binti akaanza, "mimi huwa..."

"Saa mbili na nusu. Najua."

"Nani kakuambia? Yule mhudumu? Mbea yule!"

"Nilimfundisha udereva. Umbea alikuja nao."

Binti akatabasamu, halafu tabasamu likamshinda. "Gari linajaa, Baba, na mimi siondoki. Kukaa kwako nashindwa, kuondoka mjini kwako nashindwa. Nakaa pale katikati." Akapitisha kidole kwenye mshono wa usukani. "Unajua nini kinanishinda humo ndani? Nilidhani ni slipa. Nilidhani ni kiti chake. Siyo. Mama alipokuwepo sikujua kama wewe huongei, alikuwa anajaza yeye. Alipoondoka ndiyo nikasikia. Tunakaa, wewe unaangalia redio, redio yenyewe hata haina picha, na mimi naangalia saa. Naona kama nimekuja kutembelea nyumba ambayo wenyewe hawapo. Wote wawili."

Mguu wa Breki ulikandamiza sakafu. Hakukuwa na kitu cha kusimamisha, lilishapita.

"Slipa," Breki akasema, "nimezihamisha mara sita wiki hii. Jana nikazivaa. Hazinitoshi. Na kuongea humo ndani sijui. Nakaa kwenye kochi naona maneno hayana pa kwenda. Kochi lenyewe haliendi popote."

"Na hili nalo haliendi. Limefungwa kamba ya umeme."

"Hili lina usukani."

"Haya, Mwalimu," binti akasema, sauti imelowa. "Ongea basi. Una saa kumi na moja."

Akaongea. Alianza na gari la shule na yule mnunuzi wa vyuma, akaenda kwa Kona na maua yake, akarudi nyuma hadi siku mkewe alipofeli mtihani wa udereva, mwanafunzi wake mwenyewe, akafelishwa na mkaguzi kwa kuongea mno, na njia nzima ya kurudi akamlaumu Breki kwa kutomkatiza. Binti hakuwahi kuisikia hiyo. Naye akasimulia zamu, chupa za damu zenye majina ya watu ambao hatawaona kamwe, na jinsi anavyorudi kwenye chumba chake asubuhi wakati ghorofa nzima inatoka, anasalimiana na migongo. Walikaa vile wameangalia geti, jua likatoka kwenye boneti likahamia ukutani.

"Njoo ndani nikupe chai," Breki akasema ilipokaribia saa tisa na nusu.

Binti aliuangalia mlango wa nyumba kwenye kioo cha pembeni. "Ilete huku kwanza. Nitaingia. Nipe muda kidogo."

"Muda upo."

Breki akaingia peke yake. Akajaza maji ya watu wawili kwenye birika, jambo ambalo mkono ulilifanya kwa kujikumbusha. Alishusha kikombe cha mkewe kwenye rafu, akapuliza vumbi, akakisuuza mara mbili. Wakati birika linanguruma akasikia kitu kingine, kelele ndogo ya mfululizo kutoka karibu na mlango wa mbele. Akaenda kuangalia. Ilikuwa mita. Ile mita iliyokuwa ikitembea kama iko msibani sasa ilikuwa inakimbia. Alisimama akaitazama kwa muda mrefu, kama wanaume wengine wanavyotazama mpira.

Alipotoka na vikombe viwili kwenye sinia, binti alikuwa amelala. Mkanda bado umefungwa, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo, vile vile alivyokuwa akilala ndani ya gari la shule akiwa na miaka sita, baba akisubiri wanafunzi. Alikuwa hajafunga macho tangu jana jioni. Kwenye kisanduku cheupe namba zilisema asilimia arobaini.

Breki aliweka sinia juu ya paa la gari. Akafungua mlango wa abiria sentimita kwa sentimita, akaingia, akauvuta hadi ukagusa tu, bila kuubamiza.

Ikifika tisini, chaji itamtosha kurudi kwake. Ikifika tisini itakuwa karibu saa nne usiku, na binti ataamka, ama atashuka, apite slipa zile pale mlangoni na aingie, ama ataangalia namba, aangalie saa, aseme, Baba. Breki hakujua. Aliangalia mbele. Gari lilikuwa limelala limeangalia barabara, pua getini, limejiandaa kuondoka, na aliyelipanga hivyo ni yeye, kwa mdomo wake, kwa ubishi wake, na kofia yake bado ilikuwa imefunika kioo cha kamera.

Chai ikapoa juu ya paa. Arobaini na moja. Breki akanyoosha mguu wa kulia taratibu, akaukanyaga sakafuni pale pasipo na pedali, akakandamiza, akaushikilia hapo.